Mwongozo Kamili wa Kutafuta kwa Mashine Usanifu wa Mtandao wa Neva Unaotambua Vitu kwa Kamera ya Matukio

Kamera ya kawaida hupiga picha nzima kila baada ya muda uliopangwa, iwe kuna kilichobadilika mbele yake au hakuna. Kamera ya matukio haipigi picha kabisa. Kila pikseli yake hufanya kazi peke yake ikipima mwanga unaoifikia, na mwanga huo unapopanda au kushuka kupita kizingiti fulani katika kipimo cha logi (yaani kwa uwiano, si kwa kiasi), pikseli hutoa tukio moja lenye habari nne tu: safu, mstari, wakati kwa mikrosekunde, na alama ya kuonyesha kama mwanga umeongezeka au umepungua. Wazo hili lilianzia kwenye retina ya silikoni iliyobuniwa na Misha Mahowald na Carver Mead huko Caltech, na likapata umbo linalotumika leo mwaka 2008 kupitia kihisi cha Lichtsteiner, Posch na Delbruck, kilichokuwa na pikseli 128 kwa 128, upana wa mwanga wa desibeli 120, na ucheleweshaji wa takriban mikrosekunde 15. Vihisi vya sasa, kama IMX636 wa Sony na Prophesee, vimefika pikseli 1280 kwa 720.

Kwa anayefanya kazi hii Nairobi, faida yake haihitaji maelezo marefu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husogea zaidi ya nusu mita kati ya picha moja na nyingine za kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde. Usiku kwenye Thika Road, taa kali za gari linalokuja huifunika picha ya kawaida kwa weupe na kumfuta kabisa mtu anayevuka pembeni. Kamera ya matukio huendelea kuona katika hali zote mbili. Ugumu uko kwenye upande wa mtandao wa neva: miundo mingi tuliyonayo ilibuniwa kwa ajili ya picha, na hakuna sababu ya kuamini kwamba mpangilio wa tabaka uliofaa picha utafaa pia mtiririko wa matukio ambao sehemu yake kubwa ni utupu. Maamuzi ni mengi na yanaingiliana, kiasi kwamba kuyajaribu kwa mkono ni kupoteza miezi. Ndiyo maana tunaikabidhi mashine kazi ya kutafuta.

Msimamo ninaoushikilia katika mwongozo huu ni kwamba ubora wa mtandao utakaopatikana huamuliwa zaidi na nafasi ya utafutaji uliyoichora (yaani mkusanyiko wa miundo yote unayoiruhusu mashine kuijaribu) na kipimo ulichokichagua kuliko algoriti inayozunguka ndani ya nafasi hiyo. Zoph na Le walipoonyesha njia hii kwa mara ya kwanza, walitumia kadi za GPU (kadi za kompyuta zinazofunza mitandao kwa kasi) 800 kwa wakati mmoja. Sisi hatuna kadi hizo, na kwa bahati njema hatuzihitaji, kwa sababu mambo mawili yenye uzito zaidi yanadai fikira na nidhamu kuliko umeme.

Hatua ya kwanza: eleza kazi kabla ya kuandika msimbo

Andika kwa sentensi moja ni vitu gani vinatambuliwa, kamera imefungwa wapi, jibu linatakiwa ndani ya muda gani, na kwenye kifaa gani. Mfano tutakaoufuata ni huu: kamera iliyofungwa nyuma ya kioo cha mbele cha gari itambue watembea kwa miguu, pikipiki na magari, na jibu lipatikane ndani ya milisekunde 25 kwenye kompyuta ndogo ya Jetson Orin Nano.

Mahali pa kamera hubadilisha kila kitu kinachofuata. Kamera iliyofungwa kwenye daraja la waenda kwa miguu huona vinavyosogea peke yake. Majengo, lami na gari lililoegeshwa havitoi tukio lolote, kwa hiyo kazi inakuwa nyepesi na mtandao mdogo unaweza kutosha. Kamera iliyo ndani ya gari linalotembea huona kila ukingo wa kila kitu, kuanzia mabango hadi kivuli cha mti, na mtandao hulazimika kuchambua kipi ni mtu na kipi ni mandhari inayopita.

Kisha kuna foleni. Gari lako likisimama kwenye Uhuru Highway na lililo mbele yako nalo likasimama, kamera karibu haitoi chochote kwa dakika kadhaa, ilhali gari lile bado liko pale pale na lebo ya data inasema liko. Mtandao usio na kumbukumbu hauwezi kulijua hilo hata ukiufunza kwa mwaka mzima, kwa sababu habari haimo kwenye dirisha la sasa, yaani kipande kifupi cha muda ambacho matukio yake huingizwa pamoja kwenye mtandao; ilikuwamo kwenye dirisha la zamani. Katika jiji lenye msongamano kama letu, hali hii si ya nadra wala si ya pembeni, na ni lazima ihesabiwe katika kipimo tangu mwanzo. Tenga kundi la vipande vya data ambavyo vitu vimesimama, na ulipatie kundi hilo alama yake lenyewe.

Hatua ya pili: pata data, na uigawe kwa uangalifu kuliko kawaida

Hifadhi ya Gen1 iliyotolewa na Prophesee mwaka 2020 ina saa 39 za kurekodi kwa pikseli 304 kwa 240, na visanduku (mistatili inayoonyesha kitu kilipo) zaidi ya 255,000 vya magari na watembea kwa miguu. Hifadhi ya 1 Megapixel ya mwaka huohuo ina zaidi ya saa 14 kwa pikseli 1280 kwa 720 na visanduku milioni 25, na inahesabu pia vyombo vya magurudumu mawili. Visanduku vya hifadhi hii ya pili vilitengenezwa kwa mashine kutoka kamera ya kawaida iliyowekwa kando ya kamera ya matukio, kwa hiyo usishangae ukikuta lebo zilizoteleza au zinazokosekana. Ipo pia DSEC, iliyorekodiwa Uswisi, na PEDRo, iliyo ndogo zaidi na inayohusu watu pekee. Ushauri wangu ni kufanya utafutaji wote kwenye Gen1, ambayo upakuaji na ufunzaji wake unavumilika hata kwa intaneti na kadi ya mtu wa kawaida, kisha kuuhamishia mshindi kwenye hifadhi kubwa.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo na matatu yenye kondakta aliyening'inia mlangoni, bodaboda iliyobeba abiria wawili na magunia, au mkokoteni unaovutwa kinyume cha mwelekeo wa magari. Kamera za matukio bado ni ghali, na wengi wataanza bila kuwa nayo. Njia iliyopo ni programu ya v2e, iliyotengenezwa Zurich, ambayo hugeuza video ya kawaida kuwa matukio kwa kuongeza picha za kati na kuiga tabia za pikseli halisi, pamoja na kelele zake. Chukua video za mchana zenye mwendo usio na ukungu, zigeuze, kisha ziwekee visanduku kwa kutumia video ileile.

Matumizi ya v2e yana mpaka ambao haupaswi kuvukwa. Programu hiyo haiwezi kurudisha kile ambacho kamera ya kawaida haikukiona. Mtu aliyefunikwa na mwanga wa taa kwenye video hatakuwamo kwenye matukio yaliyotengenezwa, na kelele za video ya gizani zitageuka kuwa matukio ya uongo. Kwa hiyo v2e ifundishe maumbo ya vyombo vyetu vya mchana, lakini isitumike kamwe kuthibitisha uwezo wa usiku, ambao ndio sababu hasa ya kutaka kamera hii.

Kuhusu mgawanyo, gawanya kwa rekodi nzima au kwa siku, kamwe usigawanye kwa madirisha yaliyochanganywa ovyo. Madirisha mawili yanayofuatana kwa milisekunde 50 ni karibu kitu kimoja, na likiingia moja kwenye mafunzo na jingine kwenye uhakiki, alama hupanda bila ujuzi kupanda. Katika utafutaji wa usanifu kosa hili lina madhara makubwa zaidi, kwa kuwa mashine itaitazama alama ya uhakiki mamia ya mara na kuchagua usanifu unaoikariri. Kwa sababu hiyo tumia sehemu nne badala ya tatu: ya mafunzo, ya kuongoza utafutaji, ya kuchagua kati ya washindi wachache wa mwisho, na ya majaribio ambayo haifunguliwi hadi kazi yote iishe.

Ukirekodi mwenyewe barabarani, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuhusu. Wapo wanaodai kwamba kamera ya matukio hailengi sura za watu kwa sababu haipigi picha, na dai hilo halina msingi: mtandao wa E2VID ulishaonyesha mwaka 2019 kwamba video inayosomeka vizuri inaweza kujengwa upya kutokana na matukio matupu. Yatunze matukio yako kama unavyotunza picha.

Hatua ya tatu: amua jinsi matukio yatakavyoingia kwenye mtandao

Mtandao wa kawaida hauwezi kumeza orodha ya matukio moja kwa moja; ni lazima yapangwe kuwa tensa, yaani jedwali la nambari lenye pande kadhaa. Njia tatu ndizo zinazotumika sana. Ya kwanza ni histogramu, ambapo dirisha la muda hukatwa vipande vidogo na kila kipande huhesabu matukio ya kila pikseli, ya kuongezeka na ya kupungua mbalimbali. Ya pili ni gridi ya ujazo, inayofanana na hiyo lakini humgawia kila tukio uzito kati ya vipande viwili vya jirani kulingana na wakati wake. Ya tatu ni uso wa wakati, unaohifadhi wakati wa tukio la mwisho la kila pikseli na kuufifisha kadiri muda unavyopita. Histogramu ndiyo ninayoipendekeza kuanzia, kwa kuwa hutengenezwa haraka, na haraka hiyo italipwa kwenye kifaa. Mtandao wa RVT wa Gehrig na Scaramuzza wa mwaka 2023, unaotambua vitu kwa matukio, ulitumia dirisha la milisekunde 50 lenye vipande 10 kwa matukio ya kuongezeka na 10 kwa ya kupungua, yaani njia 20 za kuingilia. Kwa pikseli za Gen1 hiyo ni tensa yenye seli 1,459,200, ambazo nyingi mno ni sifuri.

Tumia madirisha ya muda usiobadilika. Wapo wanaokata dirisha kila idadi fulani ya matukio inapotimia, na hoja yao inavutia, lakini barabara ikitulia dirisha hurefuka na majibu huchelewa kuja.

Jambo linalosahaulika hapa ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za barabarani na za maduka hupepesa mara 100 kwa sekunde, kupepesa ambako jicho halioni lakini kamera ya matukio hukuona wazi. Ndani ya dirisha moja la milisekunde 50, taa hupepesa mara tano, na pikseli zinazoitazama hujaza histogramu kwa hesabu kubwa zinazoyameza matukio ya mtu anayevuka. Washa kichujio cha kupepesa kama kihisi chako kinacho, na kwa hali yoyote weka dari ya hesabu ya kila seli, kwa mfano 10, kabla ya kuipeleka kwenye mtandao.

Hatua ya nne: chora nafasi ya utafutaji

Hii ndiyo hatua ya kutumia siku nyingi zaidi. Mtandao wa kutambua vitu una sehemu tatu: uti wa mgongo unaochota sifa (alama za umbo kama kingo na sehemu za vitu), shingo inayochanganya sifa za ukubwa tofauti, na kichwa kinachotoa visanduku na majina ya vitu. Funga shingo na kichwa. Chukua kichwa cha YOLOX, mtandao wa kutambua vitu kwenye picha, ambacho RVT ilikitumia pia, na usikiguse, kwa sababu maswali ambayo matukio yanayaibua yapo karibu yote kwenye uti wa mgongo, na kila mlango wa ziada unaoufungua huongeza nafasi bila kuongeza maarifa.

Uti wa mgongo uwe na ngazi nne, kila ngazi ikipunguza ukubwa wa ramani ya sifa. Katika kila ngazi ruhusu aina tatu za bloku: ya konvolusheni (inayotazama pikseli jirani), ya atensheni (inayolinganisha sehemu zilizo mbali), na ya modeli ya hali inayotembea na wakati (inayobeba muhtasari wa yaliyopita). Ruhusu vina vitatu, yaani bloku moja, mbili au tatu. Upana wa aina nne wa njia za sifa. Na swali moja la ndiyo au hapana: je, ngazi hii ina tabaka la kumbukumbu la LSTM mwishoni mwake? Hivyo kila ngazi ina chaguo 72, na ngazi nne zina 26,873,856. Ukiongeza urefu wa dirisha wa aina tatu na idadi ya vipande ya aina tatu, unafika zaidi ya milioni 241. Nafasi hiyo inatosha kabisa, na bado mtu anaweza kuisoma na kuielewa.

Swali la kumbukumbu ndilo ninalolithamini kuliko yote, na ndilo wabunifu wengi hulijibu kwa mazoea. RVT huweka kumbukumbu katika kila ngazi. Lakini kumbukumbu kwenye ngazi ya kwanza, ambako ramani bado ni kubwa, hugharimu sana, na haijulikani mapema kama foleni zetu zinaihitaji huko au zinatosheka na kumbukumbu ya ngazi za juu, ambako gari zima ni seli chache. Mashine ipewe uhuru wa kulijibu hilo ngazi kwa ngazi. Usiunganishe jibu la ngazi zote kuwa swichi moja.

Kabla ya kuidhinisha aina yoyote ya bloku, ijaribu kwenye kifaa chenyewe. Bloku ambayo programu ya kuharakisha ya kifaa haiijui itavunjwa kuwa vipande vingi vidogo vya polepole, na usanifu uliochaguliwa kwa karatasi utakufa siku ya kuhamishwa. Bloku za hali inayotembea ndizo zinazosumbua zaidi kwa jambo hili. Zikishindwa jaribio, ziondoe bila huruma. Nafasi itashuka hadi chaguo 48 kwa ngazi, na bado itakuwa na usanifu zaidi ya milioni tano kabla ya kuhesabu dirisha. Wakilisha kila usanifu kama orodha fupi ya nambari, ili kuuhifadhi, kuulinganisha na kuubadilisha kuwe rahisi.

Hatua ya tano: tengeneza vipimo vya bei nafuu, kisha uvitilie shaka

Huwezi kufunza kila mgombea hadi mwisho. Unahitaji vipimo vya kukadiria, na vya kwanza kati ya hivyo ni kasi. Usikisie kasi kwa kuhesabu idadi ya kuzidisha na kujumlisha, kwa kuwa mitandao miwili yenye hesabu sawa inaweza kutofautiana sana kwenye kifaa kimoja. Pima kila bloku, kwa kila upana na kila ukubwa wa ramani, kwenye kifaa chako, na uweke majibu kwenye jedwali. Jumla ya jedwali itakadiria muda wa mtandao mzima kwa karibu sana na ukweli. Thibitisha kwa kujenga mitandao michache kamili na kulinganisha.

Ubora ni mgumu zaidi kukadiria. Vipo vipimo visivyohitaji mafunzo kabisa, vinavyoutazama mtandao ukiwa na uzani wake (nambari ambazo mafunzo huzirekebisha) wa mwanzo. Kile cha Mellor na wenzake hupitisha kundi dogo la data na kuangalia kama mtandao unatenganisha mfano mmoja na mwingine kwa mpangilio wa nyuroni zinazowaka na zinazozima. Kile cha synflow hupima jinsi ishara inavyopita kwenye uzani bila kuhitaji data yoyote. Vyote viwili hukokotolewa kwa sekunde. Lakini vilipimwa zaidi kwa picha ndogo za rangi na kwa kazi ya kuainisha, na matukio yana tabia nyingine. Kwa kipimo kinachohitaji data, kipe madirisha halisi ya matukio, yaliyo na utupu wake, wala usikipe kelele za nasibu. Bloku inayopitisha kelele vizuri inaweza kuzimika inapokutana na ramani ambayo sehemu kubwa ni sifuri.

Kisha fanya jaribio ambalo bila hilo utafutaji mzima ni kubahatisha. Chagua usanifu 20 kwa nasibu, ufunze kila mmoja kwa muda mfupi ulio sawa, na upange matokeo yake. Linganisha mpangilio huo na mpangilio unaotolewa na kila kipimo, kwa kutumia uwiano wa Kendall, unaopima jinsi mipangilio miwili inavyokubaliana. Pamoja na vipimo hivyo, weka kipimo cha kijinga kabisa: idadi ya vigezo vya mtandao, yaani uzani wake wote. Mara nyingi idadi hiyo hushindana vizuri na vipimo vya kisasa, na kipimo kisichoishinda hakistahili nafasi. Rudia ulinganisho huo kwa kundi la vitu vilivyosimama peke yake. Vipimo vinavyotazama dirisha moja havioni kumbukumbu, na kwa kawaida vitalipatia chaguo la "hapana" upendeleo usiostahili. Ukiliona hilo, acha swali la kumbukumbu liamuliwe na mafunzo mafupi tu.

Hatua ya sita: endesha utafutaji

Algoriti ninayoipendekeza ni mageuzi yenye kuzeeka, iliyoelezwa na Real na wenzake. Wao walitumia kundi la usanifu 100 na sampuli ya 25. Kwa uwezo wetu, kundi la 50 na sampuli ya 10 linafaa kuanzia. Kila mzunguko, chukua sampuli kwa nasibu kutoka kwenye kundi, mchague aliye bora humo awe mzazi, badilisha nambari moja ya orodha yake, pima mtoto, muingize kundini, na umwondoe aliye mkongwe kuliko wote, hata kama ndiye anayeongoza. Kumwondoa mkongwe badala ya aliye dhaifu huzuia usanifu uliopata alama nzuri kwa bahati kutawala kundi hadi mwisho. Mtoto ambaye jedwali linasema atapita milisekunde 25 akataliwe kabla hata ya kupimwa. Acha nafasi ya kutosha ndani ya kikomo hicho kwa ajili ya kutengeneza histogramu na kuchuja visanduku vinavyorudiana.

Panga kazi kwa vichujio vitatu. Kipimo kisicho na mafunzo kipitie mamia ya wagombea. Walio bora wachache wapate mafunzo mafupi kwenye sehemu ya data. Na kila baada ya muda nusu iliyo dhaifu iondolewe huku iliyobaki ikiongezewa muda. Wakati huohuo tenga bajeti iliyo sawa kwa utafutaji wa nasibu mtupu ndani ya nafasi ileile. Li na Talwalkar walionyesha mwaka 2019 kwamba utafutaji wa nasibu ni mpinzani mgumu, na kama mageuzi yako hayaushindi, tatizo liko kwenye vipimo vya hatua ya tano.

Huenda ukashawishika kutumia njia ya gradienti kama DARTS, inayochanganya chaguo zote ndani ya mtandao mmoja mkubwa. Kwa kazi hii siishauri. Mtandao huo hula kumbukumbu nyingi ya kadi, tatizo linalozidi unapofunza kwa mfululizo wa madirisha, na njia hiyo inajulikana kwa kuangukia chaguo zinazoruka tabaka badala ya zinazojifunza.

Stima inaweza kupotea na kikao cha kompyuta ya kukodi kinaweza kukatwa wakati wowote. Hifadhi kila mgombea na alama zake kwenye faili ya SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja) mara tu anapopimwa, pamoja na mbegu ya nasibu (nambari inayoanzisha bahati nasibu ya programu) na toleo la msimbo, na uandike programu ili iendelee ilipoachia bila kuuliza.

Hatua ya saba: funza washindi kikamilifu

Chukua wagombea watatu hadi watano walio kwenye mpaka wa Pareto kati ya ubora na kasi (wale ambao hakuna mwingine anayewashinda kwa vyote viwili), na uwafunze upya kutoka mwanzo, kila mmoja kwa mbegu tatu. Mafunzo yafanywe kwa mfululizo wa madirisha, na yachanganywe kwa namna mbili ndani ya kila kundi: mifululizo iliyochaguliwa kwa nasibu, ambayo kumbukumbu yake huanza na sifuri, na mifululizo inayoendelea pale ilipoishia, ambayo hubeba kumbukumbu mbele. Ya kwanza huleta utofauti wa mifano, na ya pili hufundisha mtandao kukumbuka kwa muda mrefu kuliko urefu wa mfululizo mmoja. Bila ya pili, foleni itaushinda.

Geuza data kulia na kushoto kwa nusu ya mifano. Kwetu hili lina faida ya ziada, kwa kuwa hifadhi kama DSEC zilirekodiwa mahali ambapo magari hupita kulia, na sisi hupita kushoto.

Alama iwe wastani wa usahihi kwa viwango vya mwingiliano wa kisanduku cha mtandao na kile cha kweli kutoka 0.50 hadi 0.95, kama ilivyo desturi ya COCO, hifadhi maarufu ya picha. Kwenye Gen1, visanduku vyenye ulalo chini ya pikseli 30 au ubavu chini ya pikseli 10 huondolewa kabla ya kupima. Fuata desturi hiyo, la sivyo nambari zako hazitalinganishwa na za mtu yeyote. RVT iliyo kubwa zaidi ilipata asilimia 47.2 hapo kwa vigezo milioni 18.5. Mshindi wako akiwa chini kidogo ya hapo kwa sehemu ndogo ya vigezo hivyo, na ndani ya kikomo cha muda, umefanya kazi ya kuheshimika.

Hatua ya nane: hamishia kwenye kifaa na upime barabarani

Pima muda kwa dirisha moja moja, baada ya kuupasha moto mtandao kwa mizunguko kadhaa, na uanze saa tangu tukio la mwisho la dirisha linapoingia hadi kisanduku kinapotoka. Andika thamani ambayo asilimia 99 ya majibu hayaivuki. Wastani huficha ucheleweshaji unaoumiza. Endesha jaribio hilo kwa saa nzima kifaa kikiwa ndani ya kasha lake, ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa sababu kifaa kikipata joto hujipunguzia kasi.

Ukibana nambari za mtandao hadi biti 8 ili uende kasi zaidi, tumia madirisha ya usiku na ya mvua pamoja na ya mchana kupanga mipaka ya nambari hizo, na uyaache matabaka ya LSTM kwenye biti 16. Kosa dogo la kukadiria katika konvolusheni huishia kwenye dirisha lake, lakini ndani ya kumbukumbu hujilimbikiza dirisha hadi dirisha, na kwenye foleni ndefu visanduku vya magari yaliyosimama huanza kuteleza polepole.

Mwishowe gawanya rekodi za jiji kwa hali: mwendo wa kawaida mchana, foleni, usiku wenye taa zinazopepesa, usiku usio na taa, na mvua. Toa alama ya kila hali peke yake, na ufuate upungufu hadi hatua ulikotokea. Foleni ikianguka, angalia kwanza urefu wa mifululizo ya mafunzo, kisha rudi kwenye ngazi zenye kumbukumbu. Usiku wenye taa ukianguka, rudi kwenye kichujio na dari ya histogramu. Bodaboda zikikosekana mchana peke yake, ongeza data ya v2e na ufunze upya mshindi huyohuyo bila kutafuta tena. Mvua ikianguka wakati mengine yako sawa, jaribu dirisha fupi zaidi, kwa kuwa kila tone linalopita mbele ya kioo huacha mstari wa matukio unaorefuka kadiri dirisha linavyorefuka. Na kwa kuwa urefu wa dirisha umo ndani ya nafasi ya utafutaji, wagombea wenye dirisha hilo wameshapimwa na wanakusubiri kwenye faili ya SQLite.